Mashini Iliyozikwa kwa Jina la Tania

"Unajua bile banasema juu ya Roger?" Yaya Saumu, ambaye kwetu yaya ni dada mkubwa, aliniuliza, mikono yake ikiwa ndani ya povu mpaka kwenye viwiko. Tulikuwa tunafua nguo ziwani, mimi na Furaha wangu mgongoni. "Banasema alimutoa mutoto wake sadaka juu ya mashini. Alizika mashini, mutoto akafuata. Sasa ameifukua. Utaona namna atatajirika."

"Tania alikufa na kuhara, Yaya, kule Ubwari. Nilikuwa pale."

"Mi sisemi kitu. Ni batu banasema." Akakamua shuka, akaipiga juu ya jiwe. "Lakini we mwenyewe, Mama Furaha, si uliona ule musalaba? Jina ya mutoto muzima, inaandikwa ku musalaba? Ulisha kuona wapi?"

Nikainamia nguo zangu. Ule msalaba niliuona. Nilifanya hata zaidi ya kuuona.

Zamani Yaya Saumu hakuwahi kumwita yule mtu Roger. Alimwita Papa Tania, kama sisi sote wa ile barabara ya sokoni. Kwetu, mji wa Baraka, mtu akizaa, jina la ujana wake linawekwa pembeni, anachukua la mtoto. Lakini Papa Tania alikuwa na huyo mmoja tu, na mtoto alipokufa watu hawakujua tena wamwite nani. Wengine walisema "yule wa picha". Wengine walirudi kwenye Roger. Mimi niliendelea na Papa Tania. Kila nikimwita niliona bega lake likishuka kidogo. Siku moja nikajaribu kusema Papa Roger, na hakugeuka kabisa.

Alishuka kutoka Fizi, kule juu mlimani, miaka mitano kabla ya mambo haya, kwa baiskeli. Mashini aliibeba mgongoni, imefungwa ndani ya suweta. Ilikuwa ile kompyuta inayofunguliwa kama kitabu, tayari nzee, pembe moja imepasuka na kushonwa kwa waya. Alijenga kibanda cha mabati karibu na mahali ninapouzia mandazi, akatundika shuka nyeupe. Mtu akitaka picha ya kadi, ya shule, ya ndoa, alisimama mbele ya shuka. Mtu akitaka barua au attestation, ile karatasi ya kuthibitisha, alikaa kwenye benchi na kusema maneno yake polepole, na Papa Tania aliyaandika kwa vidole viwili.

Hakufuta sura ya mtu hata mmoja. "Picha ni ya mwenyewe," alisema. "Mi ninaichunga tu." Kwa hiyo kukitokea kifo, wafiwa walikuja kwake kwanza, kabla ya kwenda kwa fundi wa sanduku, wakauliza kama marehemu alishawahi kusimama mbele ya shuka. Mara nyingi alikuwa amesimama. Wakapata sura ya kuweka kwenye matanga.

Na kila siku ya Yenga, yaani Jumapili, baada ya misa, Tania alikuja kwangu nimsuke. Mama yake, Félicité, alikuwa na mkono mzito, anavuta nywele mpaka machozi. Mtoto alipenda vidole vyangu. Nikimaliza, alikimbia kusimama mbele ya shuka, na baba yake alimpiga picha. Kila juma moja. "Ukizifungua moja nyuma ya ingine," Papa Tania aliniambia, "unaona mutoto anaota kama muhindi shambani." Kwenye karatasi hakutoa hata moja. Wino ulikuwa wa wateja. Za kwake zilikuwa pale pale ndani ya mashini, zingesubiri.

Jino lake la kwanza lilipotoka alinikimbilia nalo kiganjani. Tulilirusha pamoja juu ya bati la kibanda, likalia tii, akacheka na lile pengo lake. Baba yake akampiga picha akicheka. Hiyo ikawa ya mwisho.

Wale watu wa bunduki walikuja mwezi wa kumi na moja. Tulisikia milio upande wa Mutambala toka asubuhi. Kila mtu alijua kwamba kitu utakachobeba barabarani kitachukuliwa. Na kila mtu wa kwetu alijua ujanja tulioachiwa na vita vya zamani: kaburi bichi la mtoto hakuna anayelichimba. Hata mwenye bunduki anapita pembeni.

Papa Tania alichimba shimo fupi nyuma ya nyumba, karibu na migomba. Mashini aliitia ndani ya plastiki, plastiki ndani ya mfuko wa unga, halafu akaizungushia kitenge. Alifukia, akaweka kilima kidogo, akafunga vijiti viwili. Nilikuwa nimekuja kuwaambia kwamba boti inangoja. Alisimama, akaangalia ule msalaba.

"Musalaba bila jina, batauliza," alisema.

Akaangalia huku na huku. Ubao uliokuwa karibu ulikuwa wa kiti cha Tania. Kule shuleni kwao kila mtoto alikwenda na kiti chake kutoka nyumbani, na jina juu yake, wasigombane. Hicho alikitengeneza mwenyewe, na jina aliliandika kwa rangi ya buluu, herufi kubwa, nzuri. Akaung'oa ubao.

"Nishikie hapa, Mama Furaha."

Nilishika. Alipigilia kwa jiwe. Tania alikuwa amesimama mlangoni na miguu ya kiti mkononi.

"Papa, na kesho nitakaa ku nini?"

"Kesho haiko masomo."

Nilisoma lile jina. Mimi nilifika darasa la sita, sikuhitaji kulisoma mara mbili. Maneno yalinipanda mpaka kooni: Papa Tania, andika jina lingine, andika jina la mtu asiyekuwapo. Bunduki ikalia karibu, nikayameza. Félicité alitoka na mizigo kichwani, akaona msalaba, akafungua mdomo, halafu akamvuta Tania mkono. Tukakimbilia ziwani.

Kule Ubwari, kwenye rasi tulikokimbilia kwa boti, tulikuwa wengi kuliko vyoo, na mvua haikukatika. Tulikunywa maji ya ziwa. Siku ya kumi na moja Tania alianza kuhara asubuhi. Jua la pili halijazama, alikuwa amekwisha. Alikuwa mwepesi sana. Nilimsuka kwa mara ya mwisho, Furaha nikiwa nimemwachia shemeji yangu, kwa sababu niliogopa kumgusa mwanangu kwa mikono ile ile.

Wavuvi walichimba kaburi juu ya ufuko. Mmoja alileta mbao mbili na kipande cha makaa, akampa Papa Tania aandike. Aliyashika yale makaa muda mrefu.

"Mi siandiki tena," alisema.

"Ulisha kuandika," Félicité alijibu, mbele ya watu wote.

Basi mtoto alilala kule bila jina, na jina lilikuwa limebaki huku bila mtoto. Baada ya matanga Félicité alipanda boti ya kwenda Kazimia kwa kaka zake. Hakuaga.

Tulirudi mwezi wa pili. Nyumba ya Papa Tania haikuwa na mlango wala dirisha. Shuka nyeupe haikuwapo. Kamera ilikuwa imechukuliwa toka siku ile ya kwanza, kwenye boti, na simu aliiuza Ubwari kwa dawa ambayo haikusaidia. Lakini kaburi lilikuwa salama, majani yameota juu yake. Ujanja ulikuwa umefaulu.

Alilifukua saa nne ya asubuhi, bila kujificha, na barabara imejaa watu. Ndipo maneno yalipoanza. Watu waliona mwanaume anachimba kaburi la mtoto, anatoa kitu ndani ya kitenge, anakibeba kwa mikono miwili mbele ya kifua. Nani angekwenda kumuuliza? Waliondoka mbio.

Plastiki ilikuwa imepitisha maji. Papa Tania aliilaza mashini juu ya mkeka wangu, kando ya mihogo niliyoanika, na maji mekundu ya udongo yakatoka kati ya vile vitufe vya herufi. Siku tatu niliwafukuza kuku juu yake, kama nilivyowafukuza kwenye mihogo. Siku ya nne akaipeleka kwa Mahmudu, fundi wa simu pale sokoni, na mimi nikafuata, maana aliniomba.

Mahmudu aliifungua. Ndani kulikuwa na kutu, na mchanga, na mdudu mmoja mwenye miguu mingi ambaye alitoka polepole kama mtu anayehamishwa.

"Papa," Mahmudu alisema, "hii mashini ungeipanda ingeota. Lakini kuiwasha, hapana."

Watu wa pale walicheka. Papa Tania naye alicheka kidogo. Toka Ubwari sikuwa nimemwona akicheka, na sikumwona tena.

"Mi sitaki iwake," alisema. "Mutoto wangu iko ndani. Nataka nimutoe."

Mahmudu akaacha mzaha. Alitoa kisanduku bapa, ukubwa wa kiganja, akatueleza: hapo ndipo mashini inaweka kumbukumbu yake yote. Alikifunga kwenye mashini nyingine ya kwake. Kikagonga tik, tik, tik, halafu kimya.

"Kinajaribu, kinachoka," alisema. "Karti yake, kile kibao cha umeme cha chini, imeliwa na kutu. Ungepata kisanduku kingine ndugu ya hiki, wa tumbo moja, ningetoa karti ya kile nitie huku. Labda kitasoma. Labda. Lakini Papa, nisikudanganye: nikigusa, binaweza kufa byote bibili. Na barabara ya Uvira imefungwa, siwezi kukutafutia ingine."

Juma lile lile ndugu wa kile kisanduku akapatikana. Alphonse, mnunuzi wa dhahabu, alitaka kurudi Lulimba na gari hazikuwa zinapita. Alikuwa na mashini ya aina ile ile, nzima, aliyopewa na mwalimu mmoja aliyekimbia. Alitaka baiskeli. Papa Tania alimpa yake, iliyosalimika mafichoni kwenye migomba. Walipeana pale pale mbele ya mandazi yangu, Alphonse akapanda, akapiga kengele, akaenda.

Mashini ile iliwaka vizuri. Kwenye kioo ilikuwa na picha ya mlima mweupe ambao hakuna aliyeujua, na ndani haikuwa na sura ya mtu hata mmoja. Na kazi ilikuwapo, maskini. Watu walikuwa wamepoteza kadi zao zote katika kukimbia, na bila karatasi huvuki kizuizi. Walipanga mstari kwenye kibanda. Papa Tania aliandika kwa vidole vyake viwili: mimi fulani, mwana wa fulani, nimepoteza vitambulisho vyangu vyote. Juma moja aliandika hivyo. Alinunua unga na kitu cha kutia ndani ya sufuria. Alinunua mlango. Nikawaza, labda ataendelea kuwa mtu.

Hata Yaya Saumu alikuja kuandikiwa karatasi yake. Alikaa kwenye benchi, akazunguka maneno, mwisho akasema, "Roger, hii mupya ni muzuri. Ile ya udongo uitupe ziwani, na mambo yake yote. Mutu anakaa na kitu ya kaburi?"

"Jina ya baba yako?" Papa Tania aliuliza, vidole juu ya herufi.

Siku ya Jumamosi mama mmoja muuza samaki, Adolphine, alishuka na boti ya Kazimia. Alikuwa na neno la Félicité. Alilisema akiwa amesimama, uso pembeni, kama mtu anayelipa deni ambalo si lake: "Mama Tania anasema hivi: ukipata sura ya mutoto, utume sura. We mwenyewe ubaki."

Papa Tania alishukuru. Alimpa mandazi mawili aliyochukua kwangu. Wateja walikuwa wanangoja na yeye hakurudi kwenye benchi. Alikaa chini, karibu na jiko langu.

"We ungefanya nini, Mama Furaha?"

Furaha alikuwa ananyonya. Alikuwa ameshika kidole changu, namna wanavyoshika. Nilimhamishia titi la pili.

"Mi ningekula kwanza," nilisema. "Uache ile ya zamani ilale. Hii ya sasa inakulisha. Ukiziua zote mbili, utafanya nini?"

"Ndiyo. Inanilisha." Alichora kitu kwenye vumbi kwa kijiti, akakifuta. "Lakini kila siku naamuka, sura imepunguka. Jana nilitafuta sikio yake. Niko baba yake, nilitafuta sikio, sikuipata. Zamani sikukuwa na haja ya kuikumbuka, mashini ilikuwa inanikumbukia. Nikingoja barabara ifunguke, nitakuwa nimebakia na nini? Jina tu. Na ile jina, unajua mi niliitia wapi."

Nilijua. Mikono yangu ndiyo iliyoshika ubao. Nikamwambia nitakwenda naye kwa Mahmudu.

Jumatatu tulikwenda kwa Mahmudu. Alikuwa amefunga miwani yake kwa kamba nyuma ya kichwa. Jenereta ya jirani ilikuwa inanguruma. Aliviweka vile visanduku viwili kando kando juu ya kitambaa, kimoja cheupe safi, kingine na madoa ya kutu, na kweli vilikuwa ndugu.

"Papa, kwa mara ya mwisho. Nifungue?"

"Fungua."

Ilichukua muda kama wa kupika maharagwe. Alitoa karti ya kile kizima, akaitia kwenye kile kigonjwa, akakifunga ndani ya mashini mpya. Akabonyeza. Hakikugonga. Kilizunguka, kwa sauti laini, kama mtu anayesaga mbali. Mahmudu akainua kidole tusiseme. Watu waliokuwa wanangoja simu zao walisogea.

Kwenye kioo yakatokea maandishi, mstari chini ya mstari. Tania 1. Tania 2. Tania 3. Yaliendelea kushuka, na mbele ya kila jina kulikuwa na kidirisha kidogo cheupe kinachongoja sura. Papa Tania alishika ukingo wa meza. Tania 60. Tania 61. Vile vidirisha vilibaki vyeupe.

"Fungua ya mwisho," alisema. "Fungua ya mwisho, ile anacheka."

Mahmudu aliibonyeza. Tik. Tik. Tik. Ikatoka harufu ya kitu kinachoungua, na majina yote yakaondoka mara moja, kioo kikawa cheusi. Alizima, akawasha. Alirudisha karti kwenye kile kisanduku kizima, akajaribu, akajaribu tena. Hapo hapakutoka hata tik.

"Byote bibili," alisema kwa sauti ndogo. Alivua miwani, akaifuta, na haikuwa na vumbi. "Papa, samahani. Njo hivyo nilisema."

"Ulisema, Mahmudu. Haina makosa yako."

Papa Tania alizikusanya mashini zote mbili, ile ya udongo na ile ya mlima mweupe, akazifunga ndani ya kitenge kile kile. Njiani watu walitupisha. Mtoto mmoja aliuliza wamebeba nini, mama yake akamziba mdomo.

Kwenye kibanda mstari wa watu ulikuwa bado unangoja karatasi zao. Papa Tania aliwaambia mashini imekufa, waende kwa mwingine. Hakukuwa na mwingine. Walisimama kidogo, halafu waliondoka mmoja mmoja. Yeye akaenda kukaa mahali ilipokuwa shuka nyeupe, mgongo ukutani. Niliwasha jiko. Nilikanda unga, kwa sababu sikujua kufanya kitu kingine.

"Mama Furaha."

"Ndiyo, Papa Tania."

"Lile jino. Lilitoka upande gani?"

Nilijua. Hakika nilijua, maana nilikuwa nimelishika. Nilifumba macho nimwone: nikaona bati, nikasikia tii, nikaona mdomo unacheka, nikaona pengo. Lakini pengo halikukaa mahali pamoja. Likawa kushoto. Nilipotaka kusema kushoto, likawa kulia. Mikono yangu ikasimama ndani ya unga.

"Kushoto," nilisema.

Aliniangalia, na alijua kwamba sijui. Akanyoosha mkono chini ya benchi, akatoa daftari, moja ya yale ya shule, mvua imevimbisha kurasa zake. Alitafuta kalamu mfukoni, akaijaribu kwenye kiganja chake, haikuandika, akaipuliza, ikaandika. Alifika karibu na jiko akaweka vyote viwili juu ya magoti yangu, pembeni ya kichwa cha Furaha aliyekuwa amelala.

"Andika we," alisema. "Mukono yangu mi, siiamini tena. We ulikuwa unamusuka kila juma. Anza ku kichwa, ushuke mpaka ku miguu, byote bile ungali unaona. Na lile jino utie kushoto. Hata kama ilikuwa kulia, utie kushoto. Lakini andika leo, Mama Furaha, andika kabla na we hujamusahau."